Simbilisi Mgonjwa na Sindano ya Ng'ombe

Walimu wawili, mmoja wa upande wa Dongobesh na mwingine wa Basotu, wameniuliza habari za simbilisi, wale wanyama wadogo ambao watoto wa shule hupenda kuwafuga. Maswali yao yafanana: kwa nini simbilisi akipata mafua kidogo, naye akachomwa sindano ile ile iliyomponya ng'ombe, hufa baada ya siku chache? Nimeona yafaa kujibu kwa kirefu katika ukurasa huu, maana jambo lenyewe lina hasara kubwa kuliko linavyoonekana, na sehemu yake moja yahusu hata uhai wa watu.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Asili ya simbilisi ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Ecuador, ambako wenyeji walianza kumfuga kwa ajili ya nyama maelfu ya miaka iliyopita, nao humfuga hata leo. Katika Tanzania ajulikana zaidi Iringa, Njombe na Mbeya, ambako nyumba nyingi humweka jikoni. Kwetu Mbulu na Hanang wangali wachache. Wengine humwita pimbi, lakini jina hilo lachanganya watu, kwa kuwa pimbi halisi ni yule mkaa miambani, ambaye wachungaji wetu humwona asubuhi akiota jua, naye si jamaa ya simbilisi hata kidogo. Simbilisi ni mgugunaji, na nungu wa nchi yetu ni mmoja wa jamaa zake.

Akiwa mzima hupata uzito wa gramu 700 hadi 1,200. Jike huchukua mimba siku 59 hadi 72, na aghalabu huzaa watoto wawili, watatu au wanne. Watoto hao huzaliwa macho yamefumbuka na manyoya yametimia, na punde si punde huanza kutafuna majani. Hahitaji malisho mapana wala mchungaji. Basi mjane asiye na ng'ombe aweza kumfuga katika kizimba kidogo, akapata nyama ya sikukuu au daftari za watoto. Ndiyo maana kifo chake si mchezo: katika nyumba maskini simbilisi sita waliokufa ni kama akiba iliyoungua.

Sasa nitasimulia lililotokea katika shule moja ya Hanang, ambayo sitaitaja. Watoto walikuwa na simbilisi 11. Wawili wakaanza kupiga chafya na kutokwa na kamasi. Mwalimu wao, kwa huruma yake, akamwita kijana mmoja wa kijijini mwenye sifa ya kuchoma sindano, ambaye hakupata kusomea kazi hiyo, bali alijifunza kwa kutazama wengine zizini. Kijana alikuja na chupa ya dawa iliyochanganywa penisilini na streptomisini, ile nyeupe kama maziwa ambayo kila mfugaji wa ng'ombe aijua. Mimi nalifika huko Jumapili kwa kazi ya mafundisho, nikamkuta kijana yule amesimama karibu na kizimba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia msiba umewapata wanyama wa watoto."

"Ugonjwa huu ni mkali sana, Mwalimu. Niliwachoma wazima kwa wagonjwa, tisa kwa jumla, ndipo dawa ikaniishia. Wote tisa wamekufa. Leo nimepata chupa nyingine, nataka niwawahi hawa wawili waliobaki."

"Uliwachoma siku gani?"

"Jumatatu."

"Na wa kwanza alikufa lini?"

"Alhamisi."

"Na kabla ya Jumatatu walikuwa wamekufa wangapi?"

Akafikiri kidogo, akajibu, "Hakufa hata mmoja, Mwalimu."

Mimi si mganga wa wanyama, wala siku ile sikujua sababu. Nalimsihi tu awaache wale wawili mpaka afisa mifugo wa kata afike. Mmoja wao alikuwa bado anapiga chafya. Wiki ile afisa akaja, akatazama, akauliza maswali yale yale, kisha akatueleza. Wale wawili, ambao kunusurika kwao kulitokana na chupa kuisha, waliendelea kuishi, na yule mwenye chafya akapona kwa majani mabichi na kizimba kikavu.

Tazameni jinsi jambo hili linavyoweza kumdanganya mtu mwema. Lau wanyama wangeanguka saa ile ile ya sindano, kila mtu angeishuku sindano. Lakini hawakuanguka. Walikaa siku mbili tatu wakila, ndipo wakaacha kula, wakajikunyata, wengine wakahara, wakafa. Kwa hiyo kijana aliona kwamba ugonjwa umeishinda dawa, na dawa yapasa kuongezwa. Kila kifo kilimpa sababu ya kuchoma tena. Mtu aliyesoma kazi hii hutofautiana naye hapa hasa: amefundishwa kuuliza kama dawa yenyewe ndiyo iliyoua.

Tena si habari mpya. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Tarehe 25 Mei 1940, mjini Oxford, Howard Florey na wenzake waliwatia panya 8 vijidudu vikali, wakawapa wanne dawa hiyo na wanne wasiwape kitu. Usiku haujaisha, wale wanne wasiotibiwa walikuwa wamekufa, na waliotibiwa walikuwa hai. Kwa jaribio lile dunia ilipata matumaini makubwa. Lakini mwaka 1943 wataalamu wa Marekani waliandika kwamba simbilisi waliopewa penisilini walikufa. Basi kama wale wa Oxford wangechagua simbilisi badala ya panya, huenda dawa iliyookoa watu wasiohesabika ingetupwa na kuhesabiwa kuwa sumu. Nalipoisoma habari hii nalistaajabu sana: dawa moja, wanyama wawili wadogo, mmoja apona na mwingine afa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya utumbo mpana wa simbilisi mna vijidudu vingi vyema, ambavyo kazi yao ni kuyavunjavunja majani anayokula. Penisilini huviua hivyo vyema. Ndipo vijidudu vingine viovu, vilivyokuwa wachache na wanyonge, vikapata nafasi, vikaongezeka na kutoa sumu inayounguza utumbo na kuingia katika damu. Kazi hiyo hutaka siku kadhaa, ndiyo maana kifo huchelewa. Na hatari hii si ya penisilini peke yake. Ampisilini, amoksilini, linkomisini na erithromisini ziko katika kundi hilo. Wala vidonge vya tetrasaiklini, ambavyo wengine huviponda na kutia katika maji ya kunywa, si salama kwake. Kuhusu ile chupa nyeupe, ubaya wake umezidi, kwa maana streptomisini nayo humlegeza simbilisi misuli na pumzi, na prokaini ichanganywayo na penisilini yaweza kumdhuru vilevile. Ziko dawa za kuua vijidudu ambazo mganga wa wanyama aweza kumpa, kama vile sulfa pamoja na trimetoprimu, lakini huzichagua na kuzipima yeye baada ya kumwona mnyama.

Neno hili la kupima lataka maelezo kidogo. Chukua mfano wa dawa ambayo ng'ombe hupewa mililita 1 kwa kila kilo 25 za uzito wake. Ng'ombe wa kilo 250 atapata mililita 10, na mkono ukizidisha nusu mililita hakuna atakayejua. Kwa simbilisi wa kilo moja, hesabu ile ile yaleta sehemu 4 tu katika sehemu 100 za mililita moja. Bomba kubwa la sindano ya ng'ombe haliwezi kuonyesha kipimo hicho. Ndivyo ilivyo kwa ivamektini, dawa ya minyoo na upele. Hiyo haikatazwi kwa simbilisi kama penisilini, lakini chupa ya ng'ombe hutengenezwa kwa mililita 1 kwa kilo 50, na mtu akimpa simbilisi "kidogo tu" kwa macho, huenda amempa mara 10 au 20 ya haki yake. Walimu wa hesabu, hili ni zoezi jema kwa darasa la sita, kuliko yale ya magari moshi yanayopishana.

Nimesikia pia watu wakimwogesha simbilisi mwenye upele kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe, au kumpaka oili chafu ya gari. Mnyama huyu hujilamba mwili wote. Kilichopakwa ngozini kitafika tumboni kabla ya jioni.

Lakini mara nyingi ugonjwa wenyewe hauhitaji sindano ya namna yoyote, kwa kuwa ni njaa ya kitu kimoja. Mwili wa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa hujitengenezea vitamini C. Mwili wa simbilisi hauwezi, kama usivyoweza mwili wa mwanadamu. Jambo hili lilionekana kwanza Norwei, nchi ile ile ambayo wamisioni wake Walutheri walifungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Mwaka 1907 wataalamu wawili wa huko, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate tu, nao wakaugua kiseyeye, ugonjwa uliokuwa ukiwaua mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda wala mboga. Walipopewa vyakula vibichi walipona. Simbilisi mmoja alitufundisha sisi wanadamu juu ya fizi zetu wenyewe.

Sasa fikirini kiangazi cha Hanang, Agosti na Septemba, wakati nyasi zimekauka hata zikivunjwa zalia. Mwenye simbilisi humpa pumba na majani makavu, akiona kwamba ameshiba. Baada ya wiki mbili au tatu mnyama hulegea, huona uvivu wa kutembea, viungo vya miguu huvimba, manyoya husimama ovyo, na akiguswa hulia kwa maumivu. Mtazamaji asema, "Ana homa ya viungo, achomwe." La hasha. Apewe majani ya viazi vitamu, mchicha, sukuma wiki, kipande cha pera au cha chungwa kila siku. Pera hasa lina vitamini hii kwa wingi. Majani yasikaushwe wala yasilazwe siku nyingi, maana vitamini hupotea. Jike mwenye mimba ahitaji zaidi ya wengine. Lakini mjihadhari na majani ya viazi mviringo, ya nyanya na ya mparachichi, kwa kuwa hayo humdhuru.

Magonjwa mengine nitayapitia upesi. Mafua na homa ya mapafu humpata kwa baridi ya Juni na Julai, kwa kizimba chenye unyevu na kwa moshi wa jikoni. Tena kuna kijidudu ambacho sungura na mbwa hukaa nacho bila kuugua, lakini kikimwingia simbilisi huenda kikamwua, kwa hiyo sungura na simbilisi wasiwekwe chumba kimoja. Jipu chini ya taya lisipasuliwe kwa wembe nyumbani, maana usaha wake huambukiza wengine. Jike ambaye hakupandwa mapema, akafikisha miezi minane pasipo kuzaa, mifupa ya nyonga zake huenda ikawa imeshikamana; akipandwa baadaye aweza kushindwa kujifungua, na mtu akimvuta mtoto kwa nguvu atawaua wote wawili. Jike wa namna hiyo asipandwe kabisa.

Nimefika katika jambo lililonifanya niandike kwa kirefu. Tauni ni ugonjwa wa panya na viroboto wao, nao umewahi kuwatesa watu wa nchi hii. Lushoto ulizuka mwaka 1980 ukawa unarudi kwa miaka zaidi ya 20. Wilaya yetu ya Mbulu nayo ilipatwa mwaka 2007, na wako wasomaji wetu wanaokumbuka vizuri. Simbilisi, kwa kuwa ni mgugunaji, aweza kushikwa na tauni. Katika milima ya Peru na Ecuador, ambako watu hulala karibu na simbilisi wao, ugonjwa huu umewahi kuwafikia watu kutoka kwa wanyama hao, ama kwa viroboto, ama kwa mikono ya wenye kuchuna mizoga. Sisemi kwamba simbilisi ndio walioleta tauni ya Mbulu. Hapana, walikuwa wachache mno. Nasema hivi: katika wilaya yenye historia hiyo, simbilisi wengi wakifa ghafla pasipo kuchomwa dawa yoyote, na hasa ikiwa panya wa nyumbani au wa shambani nao wameonekana wamekufa, jambo hilo si la fundi wa sindano.

Hapo mtu asichune, asile, wala asiwape mbwa mizoga. Watoto wasiishike. Habari ipelekwe siku ile ile kwa afisa mifugo na kwa zahanati, kabla mizoga haijazikwa, ili wenye kazi hiyo waamue kama yafaa kupimwa. Mtu wa nyumba hiyo akipata homa kali, maumivu ya kichwa, na mtoki katika kinena au kwapani, apelekwe hospitali bila kungoja kesho, kwa sababu tauni hutibika vizuri ikiwahiwa, na ikicheleweshwa huua. Aliyewachoma wanyama wake kwa siri huharibu hata ushahidi huu, maana hapo hakuna awezaye kujua upesi kama wamekufa kwa tauni au kwa sindano.

Wengine wataniambia kwamba afisa mifugo yuko mbali na kijana wa sindano yuko karibu. Ni kweli, nami najua njia zetu wakati wa mvua. Najua pia kwamba wengi wa vijana hawa hufanya kazi kwa moyo mwema na kwa ujira mdogo. Walakini serikali ilitunga Sheria ya Veterinari mwaka 2003, ikaweka Baraza la Veterinari, ili mwenye kutibu wanyama awe amesoma na kuandikishwa. Daktari wa mifugo hufundishwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Maafisa wa chini yake nao wana vyuo vyao. Nami naongeza neno ambalo maafisa wenyewe hawatanilaumu kwalo: hata aliyesoma, mazoea yake ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na huenda hajamtibu simbilisi hata mmoja. Basi si utovu wa adabu kumwuliza kwa heshima, "Bwana Afisa, dawa hii yafaa kwa simbilisi?" Mtu mwenye elimu hatachukia swali hilo. Akiwa na shaka atampigia simu daktari wa wilaya.

Mwenye kungoja msaada anayo kazi ya kufanya. Amtenge mgonjwa, amweke mahali pakavu pasipo moshi wala upepo, katika nyasi safi. Ampe majani mabichi na maji. Simbilisi huwa anatafuna mchana na usiku. Akipitisha siku nzima pasipo kula, tumbo lake husimama, naye hufa kwa hilo hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Kwa hiyo akikataa kula, majani yapondwe sana katika maji safi, kisha alishwe kidogo kidogo kwa bomba jipya la sindano lililotolewa sindano yake, likiingizwa upande wa shavu, na apewe nafasi ya kumeza. Akiwa anahema kwa shida asilazimishwe, maana chakula kitaingia mapafuni.

Tena aandike katika karatasi: simbilisi ni wangapi, wagonjwa wangapi, waliacha kula siku gani, mavi yao ni ya namna gani, wamekula nini mwezi huu, na kama wamepewa dawa, ni dawa ipi na kiasi gani. Hili la mwisho watu hulificha kwa aibu au kwa kuogopa kugombezwa. Chupa yenyewe ionyeshwe, hata kama imebaki tupu. Wanafunzi wanaotunza wanyama shuleni waweza kufanya zaidi: wawapime uzito kila Ijumaa kwa mizani ya dukani na kuandika, kwa kuwa simbilisi huficha ugonjwa wake, na mara nyingi uzito hupungua siku kadhaa kabla macho hayajaona lolote.

Mwalimu wa Basotu ameuliza pia namna ya kujenga kizimba kisichoingia panya wala paka. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaeleza vipimo vyake na miti ifaayo.